Kuwa na ndoto kubwa sio tamaa, tusiwavunje moyo watu

Huku kwetu Mbeya mtu akisema anataka kufika mbali utasikia tu "huyo ana tamaa". Hii dhana inaniumiza sana jamani. Tamaa ni kutaka cha mwenzio, au kutaka leo leo bila jasho. Mwenye ndoto anajua anakoenda hata kama mfukoni hana kitu.

Mama mdogo wangu yuko Tukuyu, alikuwa na migomba tu, siku akasema anataka shamba la parachichi za kuuza nje, majirani wakacheka. Alianza na miche 20. Nilimkuta kibarazani anabebesha, yaani anaunganisha miche, kachomeka kikonyo cha Hass, ile aina ya parachichi ya kuuza nje, kwenye mche wa kienyeji halafu anazungusha utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu, taratibu, ili maji yasiingie kwenye kidonda, na mvua za Rungwe mnazijua wenyewe. Nikamuuliza mama mdogo, hii itazaa lini? "Miaka mitatu mwanangu, isipozaa nabebesha tena."

Halafu kuna wanaosema eti ukiwaza sana mafanikio yanakuja yenyewe. Hayaji. Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Gabriele Oettingen, kalifanyia utafiti jambo hili miaka mingi akakuta wanaowaza raha ya kufika tu mara nyingi wanajituma kidogo, akili inatulia kama kazi imeshaisha, ila ukiwaza lengo na hapo hapo ukawaza kikwazo chako unasukumwa kufanya. Mama mdogo kabla ya kuwaza mavuno aliwaza baridi ya Juni na hela ya mbolea.

Dhana nyingine ni kwamba ndoto ni za wenye hela. Mbona TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita hapa hapa? Wataalamu wa Magharibi walisema hailipi, Nyerere na Kaunda wakakomaa, China ikatoa mkopo usio na riba, na kuanzia 1970 hadi 1975 zikalazwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande cha Mlimba kuja Makambako ni milima na mabonde matupu, wakatoboa mahandaki. Najua leo reli ina shida zake lakini nchi mbili maskini ziliijenga.

Na wale wa "ukishavuka 40 umechelewa", mama mdogo alianza na miaka 52. Saa hizi ana kitalu kingine nyuma ya jiko.