Unyayo wa Marumaru wa Ai Khanoum

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kinachoweza kuueleza mji wa kale wa Ai Khanoum, huchagua unyayo. Ni kipande cha marumaru cha mguu uliovaa makubadhi, na kwenye ukanda wa makubadhi hayo imechongwa radi, alama ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki. Viungo vya sanamu hiyo vilivyookotwa ni vichache, kwa kuwa marumaru ilitumika kwenye ncha za mwili tu, kama miguu, ilhali kiwiliwili kilifinyangwa kwa udongo juu ya kiunzi cha mbao.

Mji wenyewe uko kaskazini mashariki mwa Afghanistan, mahali mto Kokcha unapomwagika katika Amu Darya, ambao Wagiriki waliuita Oxus. Mwaka 1961 Mfalme Zahir Shah, akiwa mawindoni, alionyeshwa mawe yaliyochongwa, likiwamo taji la nguzo (sehemu ya juu ya nguzo) la mtindo wa Kigiriki wa Korintho. Baada ya hapo wanaakiolojia wa Ufaransa, wakiongozwa na Paul Bernard, walichimba hadi mwaka 1978, ndipo vita vikakatiza kazi.

Wengi huuita mji wa Kigiriki, na kweli ulikuwa na ukumbi wa maigizo, uwanja wa mazoezi ya vijana na maandishi ya mawaidha yaliyonakiliwa kutoka Delphi, mahali patakatifu pa Ugiriki. Lakini hekalu ulimopatikana unyayo ule halifanani hata kidogo na mahekalu ya Ugiriki: kuta zake nene za matofali ya udongo mbichi zina vishubaka vya ngazi ngazi upande wa nje, kwa desturi ya Mesopotamia. Katika hazina ya kasri, mitungi iliandikwa kwa Kigiriki, ila baadhi ya maofisa waliotajwa wanaitwa Oxybazos na Oxyboakes, majina ya Kiirani yaliyobeba jina la mto. Kwangu mimi, maofisa hao wanatueleza zaidi juu ya maisha ya mji kuliko nguzo zote za Korintho.

Humo humo hazinani ndimo kilimopatikana kitu kinachonigusa kuliko vyote. Mafunjo (karatasi za kale zilizotengenezwa kwa matete) yenye mjadala wa kifalsafa yalikuwa yameoza yote, lakini wino ulikuwa umegandia kwenye udongo ulioyafunika, na wataalamu wakaweza kusoma safu za maneno ya Kigiriki juu ya bonge la udongo, zaidi ya miaka 2,000 baada ya mji kuangamia, takriban mwaka 145 KK.