Eti Linux haidukuliki? Hapana jamani

Kuna ile meseji inazungukaga kwenye magrupu miaka na miaka, eti simu ya Android ndani yake ni Linux, na Linux haidukuliki, kwa hiyo usiapdeti unamaliza bando bure. Nusu yake kweli, maana Android kweli inatumia keneli ya Linux (keneli ni ile programu ya ndani kabisa inayosimamia kifaa chote), ila hiyo ya kutodukulika sio kweli kabisa.

Keneli ndo inagawa memori, na kila kipande kilicho wazi kinabeba anwani ya kipande wazi kinachofuata, sasa mdukuzi akipata kosa la kumruhusu aandike juu ya hiyo anwani anaweza kuifanya keneli igawe sehemu anayoitaka yeye, na hapo simu nzima inaweza kuwa yake. Ndo maana toleo la 4.14 la keneli ya Linux, la mwaka 2017, likaleta njia ya kuivuruga hiyo anwani kwa namba ya siri, na la 5.3 mwaka 2019 likaongeza uwezo wa kufuta memori kabla haijagawiwa tena.

Watu wanachanganya kwa sababu wanasikia "imeimarishwa" wanaelewa "haipenyeki". Kuimarisha kunamchelewesha mwizi tu, kosa lenyewe linazibwa na apdeti.

Cheki mwenyewe: ingia setingi, kuhusu simu, angalia tarehe ya apdeti ya usalama, na kwenye kompyuta ya Linux fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike uname -r uone toleo la keneli. Ile meseji ikikufikia tena naomba usiiforwadi, mwambie aliyekutumia aangalie hiyo tarehe kwanza.