Je, wajua ukikanyaga pedali ya mafuta kwenye gari ya petroli unachofungua ni hewa?

Wengi wanaamini mguu ndo unasukuma petroli. Hapana. Mguu unafungua throto, kijimlango cha hewa, basi, alafu kontrolboksi, kompyuta ya injini, ndo inaamua nozeli zimwage petroli kwa muda gani, na haiwezi kuamua bila kujua hewa iliyoingia ni kiasi gani maana petroli inataka hewa kama mara 14.7 ya uzito wake ndo iungue vizuri. Hata kwenye kabureta pedali ilikuwa inafungua hewa, mafuta yanafuata.

Sasa hewa inajulikanaje? Gari nyingi zina sensa ya MAP (manifold absolute pressure) inayosoma presha ndani ya manifodi, yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Na hapa watu wanachanganya tena, wanadhani injini ikivuta sana ndo ina nguvu sana. Kwa injini isiyo na turbo ni kinyume kabisa: gari ikinguruma tu imesimama, throto imeziba, pistoni zinavuta hewa isiyokuja, presha inashuka mpaka kilopaskali 30 au 40 hivi. Kanyaga mpaka chini inapanda karibu na ya hewa ya nje, kama 100 ukiwa Mombasa. Presha ikipanda kontrolboksi inaelewa hewa ni nyingi, inaongeza mafuta, ila inachanganya pia na joto la hewa na mizunguko ya injini, presha peke yake haitoshi.

Ndani ya sensa ndo kuna utamu. Chukua chupa ya maji ya plastiki, imalize ukiwa Nairobi, kaza kifuniko, teremka nayo Mombasa. Itafika imebonyea, kwa sababu ndani bado kuna hewa ya Nairobi na nje presha imepanda, na ukiangalia ubavu umeingia kiasi gani unaweza kukadiria presha ya nje. Sensa iko hivohivo, ila ubavu wake ni kipande chembamba sana cha silikoni, na upande wa pili wa hicho kipande kuna kijichumba kilichonyonywa hewa karibu yote, ndo maana inapima kuanzia sifuri yenyewe na haifuati hewa ya mji uliopo.

Na silikoni ikipinda, umeme unapita ndani yake kwa ugumu tofauti! Hata waya wa chuma ukivutwa unabadilika kidogo, lakini silikoni inabadilika makumi ya mara zaidi, jambo ambalo Charles Smith wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alilichapisha 1954. Badiliko hilo linakuzwa humohumo ndani ya sensa, linatoka kwenye waya kama volti kati ya 0 na 5.

Kabla sensa za silikoni hazijaingia kwenye magari, Bosch D-Jetronic ya 1967, mfumo wa kumwaga petroli kwa nozeli, ilitumia vikopo vya chuma vinavyotanuka na kusinyaa. Na sio kila gari ina MAP, nyingine zinapima hewa kwa waya unaopashwa joto, nyingine zina zote mbili.

Kama yako inayo, fungua swichi bila kuwasha injini, usome kwa mashine ya fundi. Itaonyesha presha ya hapo ulipo. Nairobi utaona kama 82 au 83, na hiyo sensa ni nzima, usikubali ibadilishwe eti haijafika 100. Kama gari inatoa moshi mweusi angalia kwanza kale kampira kanakoiunganisha na manifodi, kwa zile zilizo nako, maana kakipasuka sensa inasoma hewa ya nje, na kontrolboksi inamwaga mafuta kama vile umekanyaga mpaka chini.