Tairi Hununuliwa kwa Ajili ya Njia: Dhana Potofu Zinazopandishwa Usambara Kutoka Tanga Mjini

Tanga ni mji usiohitaji kufundishwa baiskeli. Kuanzia Raskazone hadi Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba, wanaume kwa wanawake hupanda baiskeli kwenda kazini, sokoni na msibani, na haupiti mtaa bila kumkuta fundi amekaa chini ya mwembe na karai lake la maji la kutafutia pancha. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini umezaliwa kwenye ardhi tambarare, juu ya baiskeli nzito ya mzigo. Taabu huanza pale ujuzi huo unapopandishwa vilevile ulivyo hadi Lushoto, Magamba au Amani, kwenye milima ya Usambara, kwa sababu mengi yanayosemwa dukani kuhusu matairi ya baiskeli za milimani yana ukweli mjini na hayana ukweli mlimani. Nazichambua hapa dhana ninazozisikia mara nyingi, na sitaficha kwamba baadhi yake niliziamini mwenyewe kwa miaka.

Dhana: Tairi likijazwa upepo likawa gumu kama jiwe, ndipo baiskeli hukimbia.

Kwa anayesafirisha magunia ya mkaa kwenye lami, maneno haya yana haki yake, kwani mzigo mkubwa unahitaji upepo mwingi, na juu ya lami laini tairi gumu huviringika kwa wepesi. Katika njia ya mawe na mizizi mambo hugeuka. Tairi gumu likikutana na jiwe haliwezi kulimeza, hivyo hulipanda, na kila linapolipanda huinua baiskeli pamoja na mwili wa mwendeshaji. Nguvu iliyotumika kuinua huko imeshapotea, haisukumi tena mbele. Tairi lenye upepo wa wastani hubonyea pale jiwe linapoligusa, likalipita, na baiskeli ikabaki imetulia. Zaidi ya hayo, tairi linalobonyea hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, na hapo ndipo kushika kunapopatikana.

Namba ya upepo iliyochapishwa ubavuni mwa tairi husomwa na wengi kama agizo, ilhali ile kubwa kati ya hizo ni kikomo ambacho hakipaswi kuvukwa. Mtu wa kilo 70 hivi, mwenye tairi la upana wa inchi 2.25 na tyubu ndani, anaweza kuanza na psi 30 mbele na 33 nyuma (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), kisha akapunguza mbili mbili hadi aone baiskeli inashika bila kuyumba kwenye kona. Akipunguza kupita kiasi, jiwe litaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, mfano wa alama ya meno ya nyoka. Fundi akikuonyesha matundu ya namna hiyo, usimlaumu mwiba. Yote haya yanahitaji pampu yenye geji, kwa sababu kidole gumba, ambacho mjini tumekifanya kipimo, hakiwezi kutofautisha psi 30 na 40.

Dhana: Tairi jembamba ni jepesi kuendesha kuliko tairi pana.

Matairi mawili ya muundo mmoja, yenye upepo uleule na yaliyobeba uzito uleule, hugusa ardhi kwa eneo linalokaribiana. Kinachotofautiana ni umbo la eneo hilo. La tairi jembamba ni refu, la tairi pana ni fupi lililotanuka kwa upana, na kwa hiyo tairi pana hubonyea kidogo zaidi kwa kila mzunguko na kupoteza nguvu kidogo. Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulianza na matairi mapana. Vijana wa Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, walioanza mashindano ya kuteremka mlima mwezi Oktoba 1976, walitumia baiskeli kuukuu zenye matairi ya inchi 26 kwa 2.125, ukubwa ambao kampuni ya Schwinn iliuingiza sokoni mwaka 1933.

Ukweli huu una mipaka yake. Tairi pana lina uzito, na anayepanda lami ya Mombo hadi Lushoto, takribani kilomita 33 za kona juu ya kona, ataulipia uzito huo kwa jasho. Isitoshe, kabla ya kununua ni lazima kupima nafasi iliyopo kati ya miguu ya fremu, maana tairi linaloingia kwa kubanwa dukani litasugua fremu siku ya kwanza ya matope.

Dhana: Kashata kubwa hushika kila mahali.

Kashata, kama mafundi wanavyoviita vile vinundu vya mpira vilivyopangwa juu ya tairi, ndizo zinazomvutia mnunuzi kuliko kitu kingine chochote, na ndizo zinazomdanganya zaidi. Aprili ya mwaka mmoja niliteremka kutoka Amani kuelekea Muheza na matairi ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni ya masika, kwa kuwa kashata zake zilikuwa nene. Zilikuwa nene kweli, ila zilisongamana. Baada ya nusu saa ya mvua, udongo mwekundu ulijaa katikati ya kashata, ukalivika tairi zima, kisha ukaganda kwenye uma wa mbele hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Nilichokoa kwa kijiti, nikapanda, na hatua ishirini mbele likagoma tena. Mwishowe niliibeba baiskeli begani, nikapishana na mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani, akaniamkia vizuri kabisa, kisha akauliza, “Baba, leo nani kampanda mwenziwe?”

Kilichonishinda siku ile ni msongamano wa kashata, wala si udogo wake. Tairi la matope huwa na kashata ndefu zilizoachana sana, ili udongo uliojaa katikati urushwe nje gurudumu linapozunguka. Aghalabu halifanywi pana mno, kwa sababu linatakiwa kukata tope hadi kufikia ardhi ngumu iliyo chini, na kuacha nafasi kati yake na fremu. Kwa anayepita barabara za udongo za Usambara wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hili ndilo tairi la kutafuta.

Tairi hilohilo likipelekwa kwenye mizizi iliyolowa ya msitu wa Magamba, au kwenye mawe ya chokaa yaliyo jirani na mapango ya Amboni, hugeuka adui. Juu ya jiwe au mzizi hakuna udongo wa kuchimba. Kashata ndefu hubaki zimesimama kama mtu aliyevaa viatu vya kisigino kirefu, hupinda, na mpira unaogusa jiwe huwa mchache. Kinachoshika hapo ni mpira laini na upepo mdogo. Watengenezaji wengine huandika ugumu wa mpira kwa kipimo cha Shore, ambapo namba ndogo humaanisha mpira laini: tairi la 50 hushika jiwe bichi vizuri kuliko la 60, lakini huisha mapema zaidi. Pasipo na namba, bonyeza kashata kwa ukucha, kisha linganisha na tairi la jirani yake, tofauti huhisika.

Kwenye vijia vya mchanga vya pwani, kama vile vinavyopita kati ya minazi upande wa Pangani, kashata ndefu huchimba na kulizamisha gurudumu. Mchanga unataka upana na upepo mdogo, ili tairi lielee juu yake. Sura ya kashata hapo ni jambo dogo. Ukirudi kwenye lami, wajibu ni kuurudisha upepo.

Njia ngumu iliyokauka, yenye vumbi jembamba juu yake, kama ilivyo milimani wakati wa kiangazi, inataka kashata fupi zilizokaribiana katikati ya tairi na ndefu zaidi pembeni. Zile za katikati huviringika bila kelele; za pembeni hazifanyi kazi yoyote mpaka baiskeli ilale kwenye kona, na hapo ndizo zinazomwokoa mtu. Anayetaka kununua jozi moja tu kwa mwaka mzima, nami ni mmoja wao, atapata mapatano mazuri kwa tairi la kashata za wastani, upana wa inchi 2.2 hadi 2.3, na siku za tope zito akubali kutembea.

Na lami je? Wapo wanaosema kwamba tairi la baiskeli lisilo na kashata litateleza kwenye lami iliyolowa kama gari lenye tairi kipara. Gari lina tairi pana na mwendo mkali, hivyo maji huweza kulinyanyua. Tairi la baiskeli ni jembamba na la duara, nalo huyasukuma maji pembeni kwa mwendo wa kawaida. Kwenye lami kashata hazisaidii kitu.

Dhana: Inchi 26 ni inchi 26.

Hasara nyingi za fedha hutokea hapa, na hasa kwa wenye baiskeli za mtumba. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, ambalo hupatikana kwenye baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 590. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.125, la baiskeli za milimani, hukaa kwenye rimu ya milimita 559. Tofauti ni milimita 31. La kwanza likivalishwa rimu ya pili hulegea kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. La pili halitaingia kwenye rimu ya kwanza hata fundi aite wenzake watatu na bisibisi zao. Nimeshuhudia jitihada za namna hiyo zikiishia kwa rimu kupinda, na mwenye baiskeli akaambiwa kwamba tairi ni bovu.

Kanuni ni kwamba sehemu na nukta si kitu kimoja: 1 3/4 na 1.75, ingawa kwa hesabu ni sawa, kwa matairi ni mambo mawili tofauti. Usalama upo katika namba nyingine, ndogo, iliyochapishwa ubavuni kwa mfumo kama 50-559, ambapo 50 ni upana wa tairi kwa milimita na 559 ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye rimu. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 29 ni 622, na hapo pana kichekesho kidogo, kwa kuwa baiskeli nyingi za Ulaya zinazoitwa za inchi 28 nazo ni 622, ilhali baiskeli kubwa ya mzigo tunayoijua sisi, ya 28 x 1 1/2, ni 635. Andika namba hiyo kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani.

Dhana: Tairi bora liwekwe nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye kazi.

Ni kweli kwamba tairi la nyuma hubeba uzito mwingi na huisha haraka. Lakini gurudumu la nyuma likiteleza, mtu huyumba na mara nyingi hujirekebisha. La mbele likiteleza kwenye mteremko, huwa ameshafika chini kabla hajajua. Tairi jipya, lenye mpira laini na kashata zinazoshika, liwekwe mbele, na lile la mbele lililotumika lihamishiwe nyuma.

Dhana: Tairi lisilotumia tyubu halipati pancha.

Mfumo huu hutumia rimu iliyozibwa kwa utepe maalumu, valvu yake yenyewe, na ute wa mpira unaomiminwa ndani ya tairi. Mwiba ukitoboa, ute hukimbilia tunduni na kuganda. Kwa mbigiri na miiba ya migunga ya nyanda za chini unafaa mno, na huruhusu upepo mdogo, kwani hakuna tyubu ya kubanwa na jiwe. Hata hivyo, ute huo hauzibi mchaniko wa ubavuni, ambao mawe ya matumbawe ya pwani huufanya kwa urahisi, na hukauka baada ya miezi michache, mapema zaidi kwenye joto kama letu. Tyubu ya akiba bado hubebwa. Siku nilipolazimika kuitumia, niliingiza tyubu mpya bila kulipapasa tairi kwa ndani, nayo ikatoboka kabla sijamaliza kujaza. Nilipopapasa nilichomoa miiba kumi na mmoja, yote ikiwa imekaa humo kwa wiki kadhaa, kila mmoja umezibwa na ute bila mimi kujua.

Dhana: Tairi lenye nyuzi nyingi ni imara zaidi.

Namba kama 60 au 120 huhesabu nyuzi kwa kila inchi ya kitambaa kilicho chini ya mpira. Nyuzi zikiwa nyingi, kila uzi ni mwembamba; tairi huwa jepesi na laini, lakini halipati uimara kwa sababu hiyo. Kwa mawe makali, tazama kama ubavu umeongezewa tabaka la kinga.

Dhana: Tairi ambalo halijawahi kutumika ni jipya.

Mpira huzeeka kwa jua na hewa hata ukiwa haujagusa barabara. Maduka mengi hutundika matairi nje, mlangoni, na mengine hubaki hapo misimu kadhaa. Likunje ubavuni kwa mikono miwili, kisha tazama kwenye mkunjo: nyufa ndogondogo, mfano wa tope lililokauka, zinaonyesha kwamba mpira umekwisha kukakamaa. Mwombe muuzaji akuletee lingine kutoka stoo, na lile la mlangoni aliache liendelee kulitangaza duka.