Taya Linalouma Asubuhi na Pumzi Inayokatika Usiku

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki za meno hapa Nairobi wakilalamikia taya huwa wameshazunguka kwingi. Sikio limeuma, wakapewa dawa ya sikio. Kichwa kimegonga kila asubuhi kwenye panja, wakameza dawa za maumivu. Mwishowe wanakuja wakitaka jino ling'olewe, na jino lenyewe likikaguliwa ni zima kabisa.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya tundu la sikio. Weka ncha za vidole hapo, fungua kinywa na ukifunge taratibu, utahisi kifundo cha mfupa kikiteleza kwenda mbele na kurudi. Kati ya kifundo hicho na fuvu kuna kisahani laini, na kikihama mahali pake ndipo unaposikia mlio ukipiga mwayo au ukitafuna mahindi ya kuchoma. Mlio usioandamana na maumivu hauhitaji matibabu. Kinachotaka uchunguzi ni maumivu yasiyoisha, taya linalokwama, au kinywa kisichoweza kupokea vidole vyako vitatu vikipangwa kimoja juu ya kingine.

Mtu mwenye dalili hizo anapaswa kuulizwa pia anavyolala, na mara nyingi haulizwi.

Tukilala, misuli ya ulimi na koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye shingo nene, tonsili kubwa au taya la chini lililorudi nyuma, njia ya hewa huziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo humshtua mwenyewe, anavuta hewa kwa kishindo, kisha analala tena. Pumzi ikikatika au kupungua mara 5 kwa saa, huo tayari ni ugonjwa. Ikifika mara 30, ni mkali. Mgonjwa hakumbuki lolote. Anayejua ni mwenzake wa kitandani.

Mwaka 2013, watafiti wa Marekani waliowafuatilia watu wazima zaidi ya 2,000 wasio na shida ya taya walieleza kwamba wenye dalili nyingi za kukatika pumzi walipata maumivu mapya ya taya kwa kiwango kilichowazidi wenzao kwa takriban asilimia 70. Hiyo haina maana kwamba kila taya linalouma linatokana na kukoroma. Lakini usingizi unaokatwakatwa huufanya mwili usistahimili maumivu, na mtu anaposhtuka usiku misuli ya kutafuna nayo hukaza, wengine wakasaga meno. Anayetafuna miraa hadi usiku wa manane anaichosha misuli hiyohiyo na kuufukuza usingizi kwa pamoja.

Nawasihi wasomaji hasa kuhusu kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Anayesaga meno hutengenezewa kinga bapa inayokaa juu ya meno ya juu, nayo huyalinda vizuri. Lakini kwa baadhi ya wenye shida ya pumzi, kinga hiyo huzidisha kuziba kwa njia ya hewa. Kwa hiyo, kabla ya kupimwa kinga, mwambie daktari kama unakoroma au unasinzia mchana, na usimfiche kama uliwahi kusinzia ukiendesha gari. Mwombe aliye nyumbani akurekodi kwa simu dakika chache ukiwa usingizini. Video hiyo humsaidia daktari kuamua kama unahitaji kipimo cha usingizi, ambacho siku hizi kinaweza kufanyiwa nyumbani kwa kifaa chenye mkanda wa kifuani na kibanio cha kidole.

Kipo pia kifaa kinacholivuta taya la chini mbele ili hewa ipite. Kinawafaa wengi, ila kinaweza kuleta maumivu ya kiungo wiki za kwanza, na baada ya miaka meno hubadilisha yanavyokutana. Mwenye kiungo kinachouma huenda ikamfaa zaidi mashine ya kusukuma hewa kupitia puani, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa watoto, jambo hili ni zito zaidi. Mtoto akisaga meno, kwetu hupewa dawa ya minyoo na mambo yakaishia hapo. Afadhali asikilizwe kama anakoroma au analala kinywa wazi, kwa sababu huenda tonsili zimevimba. Na yuko yule aliyeanguka ngazini au kutoka kwenye bodaboda akapiga kidevu. Kidonda kinashonwa, taya haliangaliwi. Mfupa uliovunjika karibu na sikio unaweza kushikana na fuvu. Kidevu kinaacha kukua, ulimi unakosa nafasi na kurudi nyuma kooni, na mtoto anaanza kukoroma na kukabwa usingizini. Hapo kiungo cha taya ndicho chanzo chenyewe cha shida ya pumzi, na tiba yake ni upasuaji. Kila mtoto aliyepiga kidevu apigwe picha ya taya, kisha mzazi aangalie kinywa kinavyofunguka kwa miezi kadhaa. Kikianza kufunguka kidogo kuliko wiki iliyopita, arudishwe hospitali wiki hiyohiyo.