Gemu za tenisi: yanayosemwa vibandani Kigoma na hali ilivyo

Ukipita Mwanga jioni, au ukishuka kuelekea Ujiji, kibanda cha gemu utakisikia kabla hujakiona, na kelele zake ni za mpira wa miguu. Ni nadra kukuta vijana wawili wameshika pedi wanacheza tenisi. Hata mwenye kibanda akiiweka diski ya tenisi, mara nyingi inatolewa kabla seti ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya mechi, haijaisha. Si kwamba gemu zenyewe ni mbovu. Watu wanazijia na mazoea ya soka, kisha wanazihukumu kwa mambo yasiyozihusu. Mimi ni mpenzi wa gemu hizi na ninayo malalamiko yangu, tena si machache, ila mengi ninayoyasikia vibandani hayamo kwenye orodha yangu.

"Uhalisia ni picha"

Hii ndiyo dhana mama. Mtu anaona jasho shingoni mwa mchezaji, anaona kivuli cha jukwaa kikisogea uwanjani, anasema hapa tumefika. Picha hazina ubaya, ila haziudundishi mpira.

Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, wa maabara ya Brookhaven huko Marekani, aliunda gemu ya tenisi ya watu wawili ili wageni wanaotembelea maabara wasichoke. Kioo chake kilikuwa cha osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Uwanja ulikuwa mstari mmoja wa mlalo, wavu mstari mfupi wa wima, na mpira nukta ya mwanga. Lakini nukta ile ilipanda na kushuka kwa kufuata mvutano wa dunia, na ikadunda. Miaka 14 baadaye, 1972, Atari wakatoa Pong, iliyouza sana na kujulikana dunia nzima, na mpira wake ulikwenda moja kwa moja kana kwamba mvutano haupo. Kati ya hizo mbili, iliyo karibu zaidi na tenisi ni ile ya zamani.

Ndiyo maana gemu ya Top Spin 4 ya mwaka 2011, ya enzi za mashine za PS3 na Xbox 360, iliendelea kupendwa miaka mingi baada ya sura zake kupitwa na wakati. TopSpin 2K25 ilipokuja Aprili 2024, kazi ya studio ya Hangar 13, picha zilikuwa mpya lakini msingi ulibaki uleule: gusa kitufe na kukiachia upate pigo la uhakika, kishikilie upate pigo la nguvu, na kwa vyovyote vile uachie kwa wakati wake. Uhalisia uko katika hesabu zinazofanyika mpira unapogusa nyuzi za raketi. Miguu ilikuwa wapi? Mpira ulikuwa kimo gani? Mkono ulichelewa au uliwahi? Mpira umezungushwa mbele au nyuma? Gemu inayomburuta mchezaji wako hadi penye mpira hata kama ulisimama ovyo ni katuni, jasho ling'ae linavyotaka.

"Bonyeza haraka haraka, utashinda"

Kwenye soka la kwenye kioo, kubonyeza kwa fujo kunaweza kukuokoa mara mojamoja. Kwenye tenisi ya uhalisia unajichimbia shimo. Kazi kubwa inafanyika kabla ya kitufe: kukisia mpira unakuja upande gani, kuwahi, kusimama imara, ndipo upige. Ukipiga kila mpira kwa nguvu zote, mchezaji wako anachoka, na ikifika seti ya pili mapigo yake yanaishia wavuni.

Hapo inabidi kuelewa jinsi muda ulivyo mfupi. Uwanja una urefu wa mita 23.77. Mpira wa kuanzisha, wenyewe wanauita sevu, ukipigwa kwa kilomita 200 kwa saa, mpokeaji ana kama nusu sekunde tu ya kuamua. Sevu ya mchezaji John Isner iliwahi kupimwa kilomita 253 kwa saa, mwaka 2016. Hata hivyo mpira haufiki ukiwa na kasi ileile. Hewa inaushika, kisha ardhi inaula, hadi unamfikia mpokeaji umebakiwa na nusu hivi ya mwendo wake wa mwanzo. Gemu nzuri inakuonyesha upungufu huo, na ni hapo mtu anapopata nafasi ya kurudisha sevu kali. Gemu ambayo mpira unatembea kwa kasi moja toka raketi hadi raketi inaweza kuburudisha, lakini isijiite ya uhalisia.

Kuna lawama nyingine inayozaliwa hapohapo: "pedi imekufa." Mara nyingi pedi ni nzima, tatizo ni runinga. TV nyingi bapa huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunakula sehemu ya sekunde. Kwenye soka huenda usigundue. Kwenye tenisi, ambako nafasi ya kuachia kitufe ni nyembamba mno, unachelewa kila pigo na unadhani mkono wako hauna kipaji. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Zile TV za chogo tulizozitupa kwa dharau hazikuwa na ugonjwa huu.

"Viwanja vinatofautiana rangi tu"

Hapa ndipo gemu nzuri inapojitenga na mbaya, na ndipo ningependa watu wakae zaidi.

Uwanja mwekundu wa Roland Garros huko Ufaransa juu umetandazwa tofali lililosagwa. Si udongo kama wa barabara ya Mwandiga. Mpira ukitua pale unakwaruzwa, unapungua mwendo na kuinuka juu. Kwenye nyasi za Wimbledon huko Uingereza unateleza na kubaki chini. Sakafu ngumu ziko katikati, nazo zenyewe hazifanani: shirikisho la kimataifa la tenisi linavipima viwanja kwa madaraja matano ya kasi. Unganisha hilo na mzunguko wa mpira. Mpira uliosuguliwa kutoka chini kwenda juu huzunguka kuelekea mbele, hewa ikaukandamiza, ukashuka ghafla na kuruka juu baada ya kudunda. Rafael Nadal alichukua ubingwa wa Roland Garros mara 14 kwa pigo la namna hiyo, akiwalazimisha wapinzani kupiga mipira iliyofika kwenye mabega yao.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa gemu yoyote ni rahisi. Nachukua mchezaji mwenye sevu ya kutisha, nampeleka kwenye nyasi, kisha kwenye udongo. Kama anatamba sawasawa kote kuwili, naondoa diski. TopSpin 2K25 inafaulu jaribio hili vizuri. Ninapoona udhaifu ni kwenye uchakavu. Wimbledon ya kweli, wiki ya pili, nyasi za nyuma ya mstari zimekwisha na ardhi imetokeza. Ndani ya gemu uchakavu wa namna hiyo, hata ukichorwa, naona umebaki pambo.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Madrid iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi kidogo ya mita 600, na wachezaji wa kulipwa wanalalamika kila mwaka kwamba mpira unakimbia, kwa sababu hewa nyepesi haiushiki sawasawa. Sasa hesabu: uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko kwenye mita 770 hivi. Ukitundika wavu Kibirizi, karibu na maji kabisa, mpira wako utaruka kuliko wa Madrid. Wenzetu wa Tabora wako kwenye mita 1,200 hivi, wamebakiza hatua chache kufika mita 1,219, kimo ambacho sheria za tenisi zinaruhusu mipira maalumu ya nyanda za juu. Gemu inayokuuzia mashindano ya miji tofauti ingetakiwa ikufanye ulihisi hilo mkononi. Mimi bado sijalihisi.

"Ikiwa halisi, wachezaji wote wamo"

Hapana. Jina na sura ya mchezaji ni mali yenye mkataba. TopSpin 2K25 ilitoka ikiwa na mashindano yote manne makubwa, na ndani yake wamo Roger Federer, Serena Williams na Carlos Alcaraz, lakini Novak Djokovic na Nadal hawakuwemo. Nadal alikuwa kwenye AO Tennis 2, ya Big Ant Studios wa Melbourne, ambayo nayo kati ya yale manne ilikuwa na Australian Open peke yake. Mikataba haina uhusiano na jinsi mpira unavyodunda.

"Kompyuta ikiwa ngumu kuifunga, ndiyo kama mabingwa"

Ugumu na uhalisia ni vitu viwili. Tazama mechi yoyote ya mabingwa kwenye TV: wanakosea. Mpira mwepesi unakwenda wavuni, sevu mbili mfululizo zinatoka nje, mtu anaongoza seti nzima kisha mkono unamtetemeka. Kwenye gemu nyingi ukipandisha ugumu, kompyuta haianzi kufikiri, inaacha tu kukosea. Inafika kila pembe na kurudisha kila kitu, hadi uchoke wewe. Kumfunga mpinzani wa hivyo watu hutafuta mbinu moja inayomchanganya na kuirudia pointi baada ya pointi: sevu ya pembeni, mpira mfupi, basi. Umeshinda, lakini hiyo si tenisi.

Huu ndio udhaifu ninaouona mkubwa kuliko wote, na hausikiki vibandani kwa sababu vibandani watu wanacheza wao kwa wao. Mkiwa wawili wenye viwango vinavyokaribiana, kasoro hiyo inayeyuka. Mmoja anaanza kuogopa, mwingine anaanza kubahatisha, makosa yanarudi, na gemu inakuwa tamu ghafla. Kama unanunua ya kucheza peke yako chumbani, lifikirie hili kabla ya kufikiria picha.

"Ukiijua gemu, umeijua tenisi"

Na wapo wanaosema kinyume chake, kwamba gemu haikufundishi chochote. Wote wamevuka mpaka.

Gemu inafundisha akili ya mchezo. Utaelewa kuhesabu 15, 30, 40, na kwa nini kwenye 40 kwa 40 lazima mtu aongoze kwa pointi mbili. Utajua kwamba wavu uko chini katikati, sentimita 91.4, na juu kwenye nguzo, sentimita 107, ndiyo maana pigo la mshazari lina usalama kuliko la kunyoosha kandokando ya mstari. Utajua kumhamisha mtu pembeni kabla ya kumpiga upande ulio wazi. Kwa kijana ambaye hajawahi kuukanyaga uwanja wa tenisi, huo si mtaji mdogo.

Mwili haufundishwi na pedi. Kurusha mpira juu kwa ajili ya sevu, ufike kimo kilekile kila mara, ni kazi ya miezi. Kushika raketi, kugeuza bega, kusoma upepo wa ziwani saa kumi za jioni: hakuna kitufe chake.

"Ukishakuwa na diski, umemaliza"

Zamani ilikuwa hivyo. TopSpin 2K25 inataka intaneti ili uingie kwenye safari ya kumkuza mchezaji wako, ambayo ndiyo sehemu watu wengi wanayoinunulia. Ndani yake kuna sarafu ya gemu, na sarafu hiyo inauzwa pia kwa pesa halisi. Mtu wa Kigoma anayehesabu bando anatakiwa alijue hilo kabla ya kulipa. Mtandao ukiyumba, unabaki na mechi za kawaida. Siku wenye gemu wakizima seva, sehemu ile haitafunguka tena, diski iwe safi kiasi gani.

Mwenye laptopu ya kawaida ana njia nyingine. Tennis Elbow 4 ya Mana Games haina majina makubwa wala viwanja vyenye leseni. Watumiaji wenyewe wanatengeneza wachezaji na viwanja na kugawiana. Sura za watu ni za kawaida sana na umati jukwaani hauna uhai, ila mpira unafanya kazi yake. Na kwa zile za kwenye diski, ukinunua ya mtumba, mwombe muuzaji azime intaneti kwanza, kisha awashe gemu, uone ni menyu zipi zinafunguka.