Kushusha Thamani ya Nyumba Hakupunguzi Kodi ya Majengo

Ombi ni lile lile: mwenye nyumba hapa Tanzania anataka mimi mthamini nirekebishe taarifa ya uthamini, nishushe thamani, ili kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ipungue. Naomba nieleweke safari hii. Taarifa ninayoiandaa kwa ajili ya dhamana ya mkopo benki haiigusi kodi hiyo hata kidogo.

Tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia mita ya umeme kwa kiwango mfuto, yaani kiasi kimoja bila kujali thamani ya nyumba. Kuanzia Julai 2023, nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, na kwa mijini kila ghorofa hutozwa 90,000, yaani 7,500 kwa mwezi. Bei ya nyumba haiulizwi popote katika hesabu hiyo. Nyumba ya chini iliyoko Masaki na ya chini iliyoko Mbagala zinalipa sawasawa.

Kinachostahili kurekebishwa ni kumbukumbu za mita. Nyumba moja yenye wapangaji watatu, kila mmoja na mita yake, inaweza kujikuta inakatwa mara tatu kwa jengo lile lile. Kusanyeni risiti za mwezi mmoja za mita zote, mtazame mstari wa kodi ya majengo, kisha mwenye nyumba apeleke namba za mita na nyaraka za umiliki kwenye ofisi inayohusika na kodi ya majengo katika eneo lake. Ila msikimbilie kulalamika: mita isiyonunuliwa umeme kwa miezi mitatu hulimbikiza deni, na makato ya 4,500 kwa mkupuo yanaweza kuwa halali kabisa.

Je, kiwango mfuto ni haki? Nina mashaka, lakini hata kutoza kodi kwa uthamini, njia tunayoisifia, kuna udhaifu wake. Sura ya 289, sheria ya kodi ya majengo, inataja thamani ya soko au, isipojulikana, gharama ya kujenga upya ikipunguzwa uchakavu. Kiwanja hakimo, kwa kuwa kina kodi yake ya pango la ardhi. Tatizo liko kwenye uchakavu. Vitabu vya fani vinatoa asilimia kwa umri wa jengo, ilhali ukuta wa Kigamboni ulioliwa na chumvi hadi plasta ikabanduka, nondo zikaonekana, haujali umri. Wathamini wawili makini, wakiwa wamesimama mbele ya ukuta huo, watatoka na tarakimu mbili tofauti, na sijui njia ya kuthibitisha nani amekosea.

Mpangaji anayekatwa kodi hii asinyamaze, kwani mwenye wajibu ni mmiliki. Atunze risiti na wakubaliane fedha hizo zipunguzwe kwenye kodi ya pango. Naye mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi katika nyumba yake mwenyewe aombe msamaha wa kodi hii mapema, maana mita haijui umri wa mtu.